Lilaki Niliyoikata

Wólka, 19 Oktoba 1987

Dada Bronka,

Pokea salamu nyingi. Mimi sijambo, ila kikohozi kidogo. Tangu tumzike mama mwezi Juni, nyumba imekuwa kubwa mno. Leo nimepogoa kile kichaka chake cha maua ya lilaki pale langoni. Siku ya Watakatifu Wote watu watapita wakienda makaburini, sitaki waseme ua wa marehemu umegeuka pori. Jirani yetu Bi Stasia kanichungulia: "Zenon, umepogoa au umenyoa kondoo?" Nikacheka.

Mdogo wako,
Zenon

Łódź, 2 Novemba 1987

Mdogo wangu,

Hapa wazima. Kikohozi kitengenezee maji ya kitunguu na sukari, kama ya mama. Lakini hiyo lilaki! Matumba ya mwakani huwa tayari kwenye ncha za matawi tangu kiangazi. Hupogolewa maua yakishanyauka, si sasa. Ulimsikia mama mwenyewe alipokuwa mgonjwa kitandani: "Mwezi wa Mei mniletee lilaki yangu kaburini." Niambie umeacha ncha.

Dada yako,
Bronka

Wólka, 10 Novemba 1987

Dada,

Kikohozi kimepona. Usihofu, nimeacha ncha nyingi.

Mdogo wako

Wólka, 16 Mei 1988

Dada Bronka,

Natumaini hujambo na watoto. Umeniandikia mara tatu, sikujibu. Kwa kuwa unakuja Jumamosi, heri ujue kabla hujafika langoni. Sikuacha hata ncha moja. Kichaka kimeota majani matupu.

Jana nilimwomba Bi Stasia lilaki zake, nikaziweka kaburini. Wanawake waliotoka kumwimbia Bikira Maria sala za Mei kwenye msalaba wa njiani wakasimama. "Jamani, lilaki ya marehemu Genowefa inavyonukia!" Nikajibu, "Asanteni." Bi Stasia alikuwepo. Alinitazama, kisha akainama kufunga kamba za kiatu.

Nakumbuka mama alivyokuwa akininyanyua nitafute ua la petali tano, nilile nipate bahati. Siku moja nilimeza la petali nne nikasema ni tano. Akanipigia makofi.

Siwezi kusimama pale kaburini tena. Nenda wewe, umwambie mama ukweli kwa niaba yangu. Na ukimaliza kumwombea, dada, unikumbuke na mimi.

Mdogo wako,
Zenon