Ukuta wa Vioo na Damu ya Careen

Dada Bernardine unayetujibu maswali yetu akina mama, nakuandikia nikiwa nimekaa chini kwenye kapeti, maana sasa hivi tu mwanangu Careen amebandua kioo kingine ukutani, kidogo kama kifungo cha shati, akakitia mdomoni, nikamwingizia kidole nikakitoa pamoja na udongo wake, yeye anacheka, anasema "more, mama", anataka kingine, naomba unishike mkono dada yangu maana sina wa kumuuliza.

Ukuta huo nimeupamba mwenyewe. Tunakaa huku ughaibuni, Columbia Heights, jengo la zamani, na chini yetu anakaa bibi mmoja wa Kihindi anaitwa Jiviben, asili yake Kachi lakini kazaliwa Tanga, Kiswahili chake kizuri kuliko changu, ndiye aliyenifundisha kupamba kwa udongo na vioo kama wanavyofanya kwao. Unakanda udongo na gundi, unausokota viganjani mpaka uwe kama tambi, unachora nao ndege na maua na ngamia, halafu katikati unapachika vioo vidogo vidogo. Yeye anabandika kwenye ubao kwa sababu mwanawe hataki kuta ziguswe, na mimi aliniambia nibaki na ubao, lakini huyo huyo ndiye alinisimulia jinsi mama yake alivyopamba nyumba nzima mpaka ikametameta, nikaona ubao ni wa kujifunzia tu, kitu chenyewe ni ukuta.

Basi baridi ilipotufungia ndani nikaanza ukuta wa sebuleni. Udongo ukawa haushiki, rangi inateleza, nikachukua kisu na msasa nikaukwaruza wote ili udongo upate pa kung'ang'ania, vumbi likajaa kwenye kapeti, na Careen akicheza humo humo, nikafagia tu nikaendelea. Ulipokwisha, jua likiingia vioo vinarusha nuru mpaka darini, mtoto anaikimbiza kwa mikono. Akina mama wa kanisani walikuja kuona, wengine wakataka niwapambie na kwao, nikaanza kuwaza kwamba na mimi nitapata kazi ya mikono yangu.

Sasa kliniki walimtoboa kidole, kile kipimo cha kawaida cha watoto, wakanipigia simu na mkalimani, nesi anasema damu ya Careen inaonyesha sumu ya ledi, nimrudishe upesi wachukue damu ya mshipa wa mkono wahakikishe, akauliza kama kuna rangi inabanduka nyumbani au tumekwaruza ukuta. Nikasema hapana. Dada, nilisema hapana, na tangu siku hiyo wakipiga sipokei.

Mume wangu Gasto, anafanya kazi hotelini Bloomington, nilipomwambia hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Alikaa akautazama ukuta, kisha akasema, "Tunaukwangua wote, tunapaka rangi, wakaguzi wakija hawakuti kitu. Ukisema ukweli serikali inamchukua mtoto." Binamu yake Eliakunda naye anasema kuna mama wa mji wa Anoka alinyang'anywa watoto wote kwa jambo dogo kuliko hili. Nikimtazama Careen anacheza, hana homa, najiambia kipimo kimekosea, halafu akikataa ugali kidogo tu naona ndiyo sumu hiyo. Nikisema kweli tunafukuzwa nyumba na mtoto anachukuliwa, nisiposema sijui damu yake inafanyaje humo ndani. Je, tukikwangua kwanza ndipo nimpeleke, haitakuwa afadhali, maana nitasema ukuta ni mzima na haitakuwa uongo tena, Careen nitamfungia tu chumbani wakati sisi, ngoja, Gasto ananiita, amerudi na msasa wa mashine, anataka nitandike mashuka ya zamani chini kabla

JIBU

Mama Careen, ujumbe wako umekatika mahali pabaya. Nilikupigia pale pale, hukupokea, nikakuachia sauti. Naandika tena hapa kwa sababu wewe si wa kwanza kutaka kuficha ugonjwa kwa kopo la rangi.

Mwambie Gasto aizime hiyo mashine. Majengo mengi ya zamani yana rangi yenye madini ya risasi, hiyo ledi aliyoitaja nesi, na vumbi lake ndilo linaloingia mdomoni kwa mtoto. Ulichokwaruza kwa kisu kilikuwa kidogo. Mashine italisambaza hilo vumbi nyumba nzima, na mlango wa chumbani hautalizuia. Kama ameshaanza, mchukueni mtoto mtoke, mkalale kwa huyo Eliakunda mwenye habari nyingi. Kama bado, ukuta usiguswe tena. Usifagie. Futa sakafu kwa kitambaa kibichi, mwoshe Careen mikono na midoli, mweke mbali na sebule.

Eti hana homa! Sumu hii haileti homa, inafanya kazi kimya kwenye akili ya mtoto anayekua, ndiyo maana wanapima damu na hawapimi joto.

Na huyo mama wa Anoka, muulize Eliakunda jina lake. Namsikia miaka yote, mara ni Mkenya, mara Mkongo, sijakutana na aliyemjua. Sikudanganyi, wapo wanaochukuliwa watoto. Lakini anayekuja kutafuta ledi anatafuta ukuta wenye sumu, na mama aliyemleta mtoto wake mwenyewe hana kesi ya kujibu kama yule aliyekimbia simu. Meneja wa jengo atakasirika, huenda akadai fidia ya ukuta. Hayo ni ya watu wazima, yatazungumzwa.

Bibi Jiviben alikuambia ubao, hukusikia. Nesi alikuuliza, ukamdanganya. Nimeshakugombeza, inatosha. Mikono yako ni mizuri, na hao akina mama wa kanisani wapambie kwenye mbao.

Kliniki ikifunguliwa asubuhi uwe mlangoni, Gasto aombe ruhusa kazini mwende wote. Omba mkalimani, ni haki yako. Ukishindwa kuanza, soma haya kwenye simu: "Niliukwaruza ukuta wa zamani, mtoto alikuwa chini. Mlipouliza niliogopa, nikasema hapana." Hayo tu. Halafu mpakate Careen, na watakapomchoma, wewe mshike ule mkono mwingine.