Walivyokuita Babu Kabla Hujaota Mvi

Mpendwa Babu,

Leo asubuhi nimefungua duka peke yangu kwa mara ya kwanza, na kazi ya mwanzo imekuwa kugombana na mlango. Hukuwahi kuniambia kwamba lazima uunyanyue kidogo halafu uusukume kwa goti. Jirani yako muuza vitambaa amenitazama ninavyohangaika mpaka akanionea huruma. "Babu yako alikuwa akiuimbia," akasema. Nikamjibu asante, basi. Unanijua, mie maneno kama nayanunua.

Ndiyo maana naogopa. Tangu ulipotutoka, Baba anataka kulirudisha duka kwa mwenyewe aliyekukodisha. Anasema watu hawakuwa wakifuata mihogo wala nazi, walikuwa wakikufuata wewe. Nimemwomba anipe mwezi huu nijaribu. Akacheka. "Wewe? Wateja utawaamkia kwa meseji?"

Basi nikakaa kwenye kigoda chako, nikakumbuka kisa chako cha "bab". Ulikuwa kijana, ndevu zenyewe za kuhesabu, siku yako ya kwanza katika kiwanda cha magari ya vani kule Washwood Heath, hapahapa Birmingham. Doreen wa kantini akakupakulia viazi, akakuuliza, "All right, bab?" Ukarudi nyumbani kifua mbele. "Watu wa hapa wana adabu!" ukamwambia Bibi. "Sijaota hata mvi, wananiita Babu!" Kesho yake ukamsikia anamwita paka wa jikoni "bab". Ndipo ukajua kwamba Birmingham kila mtu ni bab, yaani mpenzi, na heshima ile umechangia na paka. Bibi hakukuachia. Hata mlipozeeka, ukijitia ukubwa tu, alikulilia nyau.

Lakini wewe uliendelea kuitika "Naam!" kila ulipoitwa, na Doreen naye akaliokota neno hilo, akawa anaitika hivyohivyo.

Kiwanda kilipofungwa, wenzako wengi walipumzika. Wewe ukaja kukodi duka hili Sparkhill. Ukitoka kuswali alfajiri unakwenda soko la jumla, unarudi na magunia begani huku Bibi anakupigia kelele za mgongo. Mikono inamenya, mdomo unauliza habari. Mkenya akikwambia "Sasa, Babu?" unamjibu "Fiti!" kama umezaliwa Nairobi. Unakumbuka siku Bibi aliponituma nikakutafute, maana ulivuka barabara kununua mkate ukapotea? Nilikukuta kituo cha basi umempakata mtoto wa watu ili mama yake apate kufunga mwavuli. Mkate wenyewe ulikwisha kuugawa. Nilikuonea haya siku ile, na leo natamani nikukute pale tena.

"Mke wangu," uliniambia ulipokuwa umelala hospitali, "mihogo hata kwingine ipo. Mtu akiingia, muulize hali. Halafu usubiri jibu."

Nimejaribu, Babu. Asubuhi nzima nimesema "Hujambo" kwa sauti niliyoisikia mimi peke yangu. Watu wameingia, wamelipa, wametoka. Hata mngurumo wa friji nikauchukia.

Adhuhuri akaja Doreen kwa ajili ya ndizi zake mbivu za Jumamosi. Alisimama mlangoni, macho kwenye kigoda chako, na mimi nikaruka kama nimekalia moto. Akageuka kama anataka kurudi. Nikaona huyu akiondoka leo, hatarudi tena, na wengine watamfuata. Nikapiga ukelele ambao sikujua kama ninao.

"Doreen!"

"Naam!"

Ameitika vilevile kama ulivyomzoesha, kifua wazi, Babu. Nesi mmoja wa Kikenya aliyekuwa akichagua ndizi mbichi akaangua kicheko. "Haiya! Huyu mama ameitika kama mzee wa boma!" Doreen akataka kujua kunachekwa nini. Ikabidi nimweleze kwamba kwetu naam wanaitika wanaume, na kwamba mimi ukinikemea niseme labeka, huku yeye umemwacha miaka yote. Akapiga meza kwa kiganja. "Miaka yote hiyo! Mtundu mkubwa yule!" Akacheka mpaka machozi, halafu yakawa machozi kweli, na mimi yakanitoka. Nesi akatukumbatia sote wawili, ndizi zake mkononi.

Nikamuuliza Doreen hali yake, nikasubiri jibu. Lilikuwa refu. Goti, mwanawe wa kiume, mvua iliyoingia jikoni. Nikamketisha kwenye kigoda chako, nikawasha birika. Yule wa vitambaa akasikia vicheko, akaja na kikombe chake. Mkongo mmoja aliyefuata unga wa muhogo akabaki kubishana na nesi namna ya kupika mchicha, na mimi, Babu, mimi mjukuu wako, nikawaingilia nikawaambia wote wawili hawajui.

Alasiri Baba akapiga simu kuuliza biashara inakwendaje. Nikamwambia anipigie baadaye, nina watu.

Pumzika, Babu yangu. Nakupenda, na leo nimekukosa mpaka kifua kimeuma, lakini nimecheka pia. Nilipofunga, mlango umenisumbua tena. Jumatatu nitajaribu kuuimbia.

Mjukuu wako,
mke mwenza wa Bibi