Kibebeo cha Spea Ulichokiita Chako

Khocha Wafula,

Wengine wote walikuita Fundi. Mimi nilikuita Khocha kwa kuwa wewe ni kaka ya mama, na siku uliyonichukua kutoka nyumbani kuja kukaa kwenu Mbotela, nikiwa nimemaliza shule, Fomu Foo, uliniambia jina hilo linatosha. Leo limenitoka kwa shida. Nimekaa hapa karakana kwenye benchi lako, na nina hasira na wewe. Bora niseme mapema, nisije nikajifanya.

Habari za hapa kwanza. Mashine ya kuchomelea bado inadunda. Mkeo, Mama Nekesa, alikonda sana baada ya kukuzika, lakini sasa anakula, na Jumapili amerudi kwaya. Simu yako ninayo mimi. Wateja wakipiga nawaambia umetutoka. Wengine husema pole, wengine hukata tu.

Mwezi uliopita alipiga mzee mmoja wa Komarock, mwalimu mstaafu, Mutiso. Ana gari la zamani la kulala, kitanda na jiko viko humo ndani, na yeye na mkewe huzunguka nalo nchi nzima. Spea, lile tairi la akiba, ilikuwa inaning'inia chini ya gari mpaka mnyororo ukaliwa na kutu, wakaiingiza ndani. Sasa walikuwa wakilala miguu juu ya tairi. Alitaka kibebeo cha nyuma, "kama kile Fundi alichomtengenezea rafiki yangu mwenye gari la kijani." Nilipomwambia umefariki akasema, "Basi tumepoteza. Kichwa kile kilikuwa kimoja."

Nikamwambia alilete tu.

Walikuja wote wawili. Mama Mutiso akanionyesha picha kwenye simu. Khocha, niliitambua kazi yangu hata kabla hajaikuza.

Unalikumbuka lile gari la kijani? Ulikuwa umefunga spea kwenye mlango wa nyuma kwa bolti nne, bati likapasuka, bawaba zikalegea, na mwenyewe akarudi akiwaka. Ulikaa juu ya mkebe wa rangi ukaniambia, "Nali, hii imenilemea." Mimi ndiye niliyechukua chaki nikachora hapa sakafuni. Tairi lisiguse mlango kabisa. Libebwe na mkono wa chuma unaotoka kwenye chesisi, fremu ya chini ya gari, ufunguke pembeni kama geti, na pale unapozungukia tutumie habu kuukuu ya gurudumu pamoja na beringi zake, ili usilegee. Uliangalia ule mchoro kwa muda mrefu. Ukasema, "Hii ni yako. Mwenye gari akija, utamweleza wewe mwenyewe."

Nilichomelea kila kiungo cha kibebeo kile. Wewe ulishika taa.

Asubuhi ya mwenyewe kuja kulichukua, ukanituma Eastleigh kununua bolti. Niliporudi gari lilikuwa limeenda. Uliniambia mwenyewe alikuwa na haraka. Nikakuamini. Nikaziweka zile bolti kwenye droo, nikakuta droo imejaa bolti za saizi ileile, na hata hapo, Khocha, sikuwaza chochote. Nilidhani umesahau. Unaona nilivyokupenda?

Sasa mzee Mutiso akawa ananisimulia, kwa furaha kabisa, jinsi ulivyomweleza rafiki yake kwamba wazo la habu lilikujia ukiwa kanisani. Nikamuuliza kama ulitaja mtu mwingine yeyote. Akafikiri kidogo. "Alisema ana msichana wa kupaka rangi."

Msichana wa kupaka rangi. Miaka kumi na moja nikichomelea kando yako.

Niliinama nikajifanya naangalia bampa. Mzee alidhani natafuta mahali pa kufungia, akaanza kunielekeza, kwamba nisichome kwenye mlango, kwamba lazima kibebeo kitoke kwenye chesisi. Alikuwa ananifundisha kitu changu.

Nilitaka kuwafukuza. Lakini nilipolala chini ya gari nikakuta chuma cha mwisho cha chesisi kimeoza. Fundi mwingine angepitisha mashine juu ya kutu, na spea ingewaangukia wenye magari nyuma yao barabarani. Nikakata pote palipooza, nikaweka chuma kipya, ndipo nikaanza kibebeo. Siku nne nzima. Safari hii niliurefusha mkono kidogo ili tairi lisifunike taa, nikahamisha namba ya gari pembeni, na nikaweka kizuizi ili mkono usirudi kumpiga mtu gari likisimama kwenye mteremko. Hivyo vyote havimo kwenye la kijani. Nilikuwa nimejifunza tangu wakati huo, ila wewe hukuwahi kuniuliza nimejifunza nini.

Waliporudi, Mama Mutiso aliuvuta mkono kwa vidole viwili ukafunguka. Akacheka. Mzee akatikisa tairi kwa nguvu zake zote, gari zima likayumba, kibebeo kikatulia. Akasema, "Marehemu alikufundisha vizuri."

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Nikasema, "Alinifundisha kuchomelea. Hiki nilikibuni mimi, na kile cha gari la kijani pia."

Mzee akainama akakiangalia tena kile kibebeo. Mkewe ndiye aliyeuliza, kwa upole, "Na mbona hakusema?"

Nakuuliza wewe, Khocha. Uliogopa wateja wataondoka wakisikia ni mwanamke? Uliona aibu kushindwa na mpwa wako? Au ilikuwa rahisi tu? Ungeniambia yoyote kati ya hayo ningekasirika siku tatu, halafu tungekunywa chai. Ulikuwa na miaka ya kuniambia. Hata ulipolazwa nilikuwa hapo kila siku, nikikulisha uji kwa kijiko, na ulikuwa unaongea vizuri.

Kinachoniuma zaidi ni mazishi yako. Nilisimama mbele ya ukoo mzima nikasema hukuwahi kula jasho la mtu. Watu waliitikia amina. Mama Nekesa alilia aliposikia.

Desemba tunakuja huko nyumbani kujenga kaburi lako, na wameniomba niongee tena. Nitasema ulinichukua wakati hakuna aliyenitaka, maana ni kweli. Nitasema ulinishika mkono siku yangu ya kwanza kwenye mashine. Ile sentensi ya jasho sitairudia. Mama Nekesa akiniuliza sababu, nitamwambia tukiwa wawili, na watoto wako hawatasikia kutoka kwangu.

Na nakuahidi hili: atakayefanya kazi chini yangu, siku mwenye gari akija, hatatumwa dukani. Atasimama hapa na mimi, aongee.

Lala, Khocha. Bado nimekasirika. Lakini lala.

Mpwa wako,
Naliaka