Perege Niliowapima Kila Jumamosi

Kyimo, Jumapili

Mjukuu wangu Tusekile,

Ugonile. Huku mvua haikatiki, magoti yananiuma, na bibi yako anakusalimu. Kumbe tangu serikali iruhusu biashara huria, huko Dar es Salaam mnauziwa hata samaki wa kutazama tu! Unasema wako hawakui na unataka kuwamwaga. Subiri kidogo.

Nimefungua shajara yangu ya zamani. Tulikuwa na bwawa la perege nyuma ya migomba, nao walidumaa. Kila Jumamosi niliwavua, nikawapima kwa rula na kuandika. Bibi yako akanicheka: "Baba Ambilike, na mimi ukinitoa kitandani kila wiki kunipima kiuno, nitanenepa?"

Nilikasirika, lakini nikaacha. Yeye akagawia majirani nusu ya samaki, maana walibanana, na akapunguza maji ya kijito yaliyoingia, kwa kuwa ni baridi mno.

Basi mpe rafiki yako baadhi, maji yasipoe, na usiwasumbue. Kurasa zilizofuata za shajara hazina kipimo hata kimoja. Mwishoni nimeandika tu: "Leo tumekula perege. Mmoja ametutosha wawili."

Mkono umechoka.

Babu yako