Aliyetusemea Bila Kutuuliza

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Mikumi tu wazima, ila babu yako miguu inamsumbua. Unauliza kama chama cha wazee kinatusemea kweli. Kusema kinasema! Juzi kiongozi wao kaiambia redio tunataka jengo la mikutano. Nani kamtuma? Sisi tunachotaka ni mabenchi pale zahanati, maana tunasimama foleni mpaka magoti yanatetemeka.

Nilipokuwa msichana, tulihamia kijiji cha ujamaa huku Kilosa. Mzee Saidi, mwakilishi wa wazee, alimwambia ofisa wa wilaya kwamba wazee wote wamekubali kujenga kando ya barabara, mbali na mto. Bibi yangu akasimama palepale mkutanoni, kando ya barabara hiyo.

"Saidi, ulikuja lini kuniuliza?"

"Dada, nilijua mtakubali tu."

"Haya, nenda mtoni ukanichotee maji."

Akaenda, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Alirudi anahema, ndoo imebaki nusu, akamwambia ofisa, "Yale niliyosema yalikuwa yangu. Ngoja kwanza niwaulize wenzangu." Akapita nyumba kwa nyumba, na mwishowe wazee wakapewa viwanja karibu na mto.

Basi mimi chama sikichukii, mjukuu wangu. Kinanichosha tu. Kiongozi wao anakaa mtaa wa pili, na hajawahi kubisha hodi kwangu. Kesho asubuhi nakwenda kwake mwenyewe. Hata asiponiuliza, nitamjibu tu: tunataka mabenchi.

Wasalimie wote hapo unapokaa.

Bibi yako,
Mama Yohana