Bwalya Aliyeandikwa Muzima

MAELEZO YA SHAHIDI
Juu ya: wino uliomwagwa kwenye karatasi ya hesabu ya askari ba zamani
Polisi, Elisabethville, tarehe 12 Novemba 1946, saa nane muchana
Jina: Honorine Kabwe. Miaka: 31. Kazi: kuuza sombe, majani ya muhogo, sokoni. Makao: cité Albert.

Bwana yangu njo Alexis Bwalya. Alipigana vita ya Abisinia. Kule bombe ilipasuka karibu yake. Haikumutoboa hata fasi moja, lakini toka ile siku mikono yake inatetema, haitulii.

Mnamo tarehe 12 Novemba, saa tatu asubuhi, tulifika kwenye dispensaire. Leta, ni kusema serikali, iliita askari bote ba zamani, inataka kujua hali ya afya yao. Karani, Monsieur Anaclet, alikuwa na karatasi kubwa ya kolone ine, safu ine za kuandikia: blessé, ule wa kovu ya risasi, amputé, ule wa kukatwa muguu ao mukono, malade, ule wa homa ao kifua, na valide, ule muzima.

Akamuangalia bwana yangu. Kovu hana. Miguu iko yote. Hakohoi. Akaandika: valide.

Nikasema, "Monsieur, angalia mikono!"

Akajibu, "Mama, kutetema haina kolone."

Eh, tata! Nilimurudilia mara tatu, ni kama ninaongea na ukuta. Akasema bazima bote batarudi kazini siku ya kwanza ya juma, na bwana yangu atawekwa kwenye musumeno mukubwa wa kukata mbao. Mikono ile, kwenye musumeno!

Saa ine kasoro robo, karani akamunyooshea kalamu, atie alama ya kukubali kama iko muzima. Nikapiga kelele, "Usimupe!" Akamupa. Mukono ikapiga chupa, wino yote ikamwangika juu ya majina ya bantu mia mbili.

Karani akaruka, akaita polisi. "Amefanya makusudi!"

Nikauliza, "Makusudi gani?"

Akasema, "Iko valide. Mukono ya muntu valide haitetemi yenyewe."

Chef, mimi nimechoka! Kwa kazi iko muzima, kwa kifungo iko muzima, lakini wakati ya kula njo mimi ninamutilia bukari mu kinywa. Huyu karani amesoma, lakini macho anayo ya nini? Munifunge na mimi kama munataka. Kwenye ule musumeno, musimupeleke.

Niliyoyaona kwa macho yangu ni hayo, sina lingine.

(Alama ya kidole gumba) Honorine Kabwe

Maandishi ya brigadier wa polisi: Nimemusomea shahidi maneno yake, ameyakubali. Kisha nilienda mahabusu, nikamupa mushitakiwa kikombe cha maji. Hakuna tone lililofika kinywani. Kwenye fomu ya kifungo nimechora kolone ya tano, nikaandika: mugonjwa wa vita. Ninamupeleka kwa munganga wa hospitali mimi mwenyewe, sasa hivi.

Alphonse Ngosa, brigadier