Mchana Jua Liliponyamazisha Redio

Mama Ambakisye uliyetangulia,

Jana mjukuu wetu Neema, ambaye sasa yuko sekondari, aliniuliza jua liliwezaje kunyamazisha redio siku aliyozaliwa. Wewe uliniuliza kabla yake, nami sikukujibu vizuri.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya Tukuyu yalijaa bidhaa, lakini zahanati yetu ya Masoko haikuwa na gari. Mkwe wetu Tumpe, mke wa mwanetu, alikuwa na uchungu tangu usiku, mtoto amekingama tumboni. Gari la wagonjwa lilikuwa likiitwa kutoka Tukuyu kwa redio ya mawasiliano, nayo ilikuwa katika chumba kile kile alimolala Tumpe. Adhuhuri, jua kali, nesi anaita na redio inavuma tu.

Mimi nilikuwa nje, kwenye migomba, na redio yangu ndogo mkononi. Kwa mila yetu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani wala hawasemezani, na Tumpe aliishika mila hiyo tangu aolewe. Ukawa unakimbia kati yangu na mlango.

"Nesi anasema imekufa."

"Haijafa. Hata redio yangu ndogo imepoteza stesheni zote za mbali kwa mpigo. Ni jua."

"Baba Ambakisye, mtoto wa watu anakufa, wewe unanisomesha?"

Basi sikiliza sasa jibu nililokunyima siku ile. Jua ni gesi ya moto yenye sumaku ndani yake. Kiuno chake huzunguka upesi kuliko ncha zake, hivyo nyuzi za sumaku husokotana kama blanketi unalolikamua, mpaka zinajikunja na kuchomoza juu, penye madoa meusi. Zikikazwa mno hukatika na kuungana upya kwa namna nyingine, na nguvu iliyobanwa hulipuka. Miale yake hutufikia kwa dakika nane na kuvuruga anga la juu upande wenye mchana, likameza mawimbi ya redio. Masafa ya chini huumia zaidi. Ya juu hupona kwanza.

"Mwambie nesi apande chaneli ya juu," nilikutuma.

Ulirudi ukihema. "Hajawahi kubadilisha chaneli. Anaogopa kuiharibu."

Ndipo sauti nisiyoijua ikatoka dirishani. "Baba, ingia."

Ilikuwa ya Tumpe. Nilipoingia, uliharakisha kumfunika uso kwa kanga. Akaivuta pembeni, akanitazama. Nikazungusha kitufe cha chaneli, nikaita, nikaita tena, mpaka Tukuyu wakajibu kwa mbali, na gari likaja.

Sasa Tumpe na mimi tunakula meza moja. Kiti chako hakuna anayekikalia.

Pumzika, mama. Ndaga, asante.

Mumeo,
Baba Ambakisye